Seli Zinapoasi

Wananchi wa visiwa vyetu wamezoea kuisikia saratani ya shingo ya kizazi ikitajwa kama kudura tupu. Kudura haina mshindani, hilo hatulibishi; lakini maradhi haya yana njia yanayopitia, na njia hiyo leo inajulikana hatua kwa hatua.

Mwili ni jamii ya seli, na seli yenye afya haijigawi kwa matakwa yake. Hungoja ujumbe. Ujumbe huo hutoka kwa seli nyingine, hugusa kipokezi kilicho juu ya utando wake, kisha hupokezanwa ndani hadi kwenye kiini. Hata hapo amri haitekelezwi ovyo. Protini iitwayo Rb hufunga mlango mpaka ruhusa ithibitike. Nyingine, p53, huzindukana DNA inapoharibika, ikasimamisha kazi au ikaiamuru seli ife.

Mwaka 1982 mtaalamu wa Kiingereza, Tim Hunt, alikuwa akichunguza mayai ya mnyama wa jinsi ya yule mwenye miiba anayewachoma miguu wavuvi wa pweza maji yakipwa. Aliona protini inayojaa na kutoweka kila yai lijigawapo, mithili ya bahari yenyewe, akaiita saiklini. Mwaka 2001 yeye, Paul Nurse na Leland Hartwell walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Virusi vya HPV, vinavyoenezwa kwa kujamiiana, huuvunja utaratibu huo. Protini yao moja huiangamiza p53, ya pili huifunga Rb mikono. Maambukizo mengi huondoka yenyewe. Yanayobaki kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Hiyo ndiyo muhula tuliopewa, nasi tunauchezea.

Tangu mwaka 2018 chanjo imo katika utaratibu wa taifa la Tanzania, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe na tiba iliyochelewa. Kwa mama zao upo uchunguzi wa siki: muuguzi hupaka siki nyepesi, na baada ya dakika moja sehemu yenye kasoro huonekana nyeupe. Hapahitajiki maabara. Pahitajika muuguzi aliyefunzwa, taa na boti.

Hapo ndipo tunapowageukia waheshimiwa wa wizara na wilaya. Haifai huduma ikae mjini, imngoje mwanamke wa Tumbatu au Kojani aje kwa nauli yake. Akija damu zimekwisha mtoka, safari inayofuata huwa ya Ocean Road, Dar es Salaam, na gharama zake ni kubwa kuliko siki ya mwaka mzima. Ratiba ya boti ibandikwe kwa kila sheha, ikitaja siku na saa. Masheha nao wawe na orodha ya wasichana waliotimiza miaka 9, wa skuli na wa vyuoni pia, kwani wako wanaoonekana chuoni asubuhi lakini hawamo katika daftari la skuli yoyote.