Damu Imtangulie Mzazi

Ndugu zangu wa Makupa, kutoka hapo kipilefti hadi Hospitali ya Coast General si mbali. Usiku barabara zikiwa wazi, tuktuk hufika mara moja. Lakini mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua, kufika pekee hakumtoshi. Anahitaji akute damu imeshamtangulia.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kenya hufiwa na wazazi 355 kwa kila vizazi hai 100,000, na kuvuja damu ni miongoni mwa sababu kuu. Kizazi kisipojikaza baada ya kondo kutoka, mishipa hubaki wazi, na mama anaweza kuzimia kabla mtoto hajapewa jina. Nyumbani tunakadiria kwa macho: leso ya kwanza imelowa, ya pili nayo, na bado kuna mtu mzima anayesema hiyo ni damu ya kawaida ya uzazi. Macho hudanganya. Katika utafiti uliotolewa 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wazazi walitandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo. Damu ikizidi, wakunga walifanya yote kwa pamoja: kukanda tumbo, dawa, dripu, uchunguzi. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Hiyo ni kazi ya wakunga, na wanaiweza. Ila wapo wazazi ambao hata baada ya hayo lazima waongezwe damu, na damu haina kiwanda.

Kwa miaka mingi benki za damu nchini zimewategemea mno wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji huanza kubaki tupu. Tena damu haiwekeki kama mchele wa gunia. Ikipita siku 35 hivi, haifai tena.

Basi nawaomba, madereva wa tuktuk, wachuuzi wa Mwembe Tayari, jamaa wa misikitini na makanisani: nendeni mkatoe damu kabla hamjaitwa. Mwenye miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema, hupimwa, akatolewa mililita 450 hivi, akapumzika kidogo, akaenda zake. Na penye mja mzito nyumbani, lijueni kundi lake la damu mapema, muwe na namba ya dereva wa usiku, na damu ikizidi msimngoje baba arudi kutoka kazini ndipo mama apelekwe hospitali. Anzeni likizo hii ijayo ya shule.