Mabao Pasipo Mashuti ni Hesabu Nusu

Jioni vijana wa Junda wanapomaliza mpira wao na kuketi kungoja magharibi, aghalabu huzuka ubishi juu ya wafungaji. Kila mmoja hutaja idadi ya mabao kana kwamba ametaja hukumu ya mahakama. Bishano hilo lilipata kuni mpya mwaka 2023, pale Elvis Rupia wa Kenya Police alipofunga mabao 27 katika ligi kuu na kuivunja rekodi ya Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor Mahia, aliyefunga 26 mwaka 1976. Je, Rupia ni mfungaji hodari kuliko Sonyi? Tofauti ya bao moja haiwezi kujibu swali hilo. Mabao ndiyo yanayotajwa. Mashuti yaliyoyazaa hayatajwi.

Tutazame mchezo ambao watu wa pwani hatuna hata barafu ya kuuchezea, ijapokuwa Nairobi ipo timu yake, Ice Lions, iliyojifunza kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari. Ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini huhesabu mashuti ya kila mchezaji tangu msimu wa 1959–60. Kwa hiyo Alex Ovechkin alipofunga bao lake la 895 mnamo Aprili 6, 2025, na kumpita Wayne Gretzky mwenye 894, mashabiki walikuwa na la kupima. Wote wawili walikuwa wamecheza mechi 1,487. Gretzky alipiga mashuti yapatayo 5,100, na kati ya kila 100 alifunga 17 au 18. Ovechkin alipiga zaidi ya 6,500, akafunga takriban 13 katika kila 100.

Mwenye pupa atasema Gretzky ndiye bora. Asifanye haraka. Miaka ya 1980 makipa wa ligi hiyo waliokoa takriban mashuti 87 au 88 kati ya 100. Miaka ya 2010 waliokoa zaidi ya 91. Ovechkin alipiga lango gumu zaidi. Isitoshe, kupata nafasi ya kupiga mara nyingi hivyo mbele ya mabeki ni ustadi wenyewe. Hata hivyo Gretzky ana pasi za mabao 1,963, nyingi kuliko mabao yake maradufu, nazo hazimo katika rekodi iliyovunjwa.

Tena kuna suala la neno, ambalo mimi kwa kazi yangu siwezi kuliruka. Katika takwimu hizo, shuti ni lile lililoingia wavuni, au ambalo lingeingia lau kipa asingelizuia. Lililogonga mwamba halihesabiwi, wala lililozuiwa na beki njiani. Watangazaji wetu wana kombora, mkwaju na fataki, maneno matamu yote, lakini hakuna linalotuambia kama mpira ulielekea langoni au ulikwenda kwa majirani. Anayehesabu sharti kwanza akubaliane na wenzake anahesabu nini.

Jambo hili si la barafuni tu. Mwalimu wa michezo anapochagua kikosi cha shule, mwanafunzi mwenye mabao 6 huitwa, naye mwenye 5 akaachwa. Lakini kama wa kwanza alipiga mashuti 60 na wa pili 15, wa pili hufunga moja katika kila matatu, na wa kwanza moja katika kumi. Hapo pia pana mtego: mashuti 15 ni machache. Mawili tu yangeokolewa na kipa, angebaki na mabao 3, na sifa yake ingeshuka hadi moja katika matano. Ndiyo maana msimu mzima huhitajika, na huyo aliyeachwa hana msimu mwingine.

Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Mwanafunzi mmoja asiyecheza siku hiyo aketi kando ya uwanja na safu nne: mashuti yaliyolenga lango, yaliyopotea, mabao, na pasi za mwisho. Mwalimu wa hisabati aliazime daftari hilo Jumatatu kwa somo la asilimia, kisha alirudishe kabla ya mechi ya Jumamosi.