Shukrani ya Kila Siku

Wako wadhanio kwamba kumshukuru Mungu ni kazi ya siku ya mavuno, ghala ikijaa. Siku ya uji mwepesi hunyamaza, kana kwamba Mungu amesafiri. Asifuye siku ya nyama tu, huyo ameisifu nyama.

Katika nchi ya Ujerumani alikuwako mchungaji, jina lake Martin Rinkart, wa mji wa Eilenburg. Vita vilianza mwaka 1618, vikadumu miaka 30. Watu wengi wakakimbilia ndani ya kuta za mji ule. Mwaka 1637 tauni ikaingia. Rinkart akabaki mchungaji wa pekee, akazika watu zaidi ya 4,000, na mmoja wao alikuwa mkewe. Kisha ikaja njaa. Basi, mtu huyo ndiye aliyetunga, katika miaka ya vita hivyo, wimbo wa shukrani uimbwao makanisani hata leo.

Je, yampasa mtu kushukuru kwa ajili ya tauni? Hasha! Humshukuru Mpaji, ambaye hafi pamoja na wafao. Mtoto aliyefiwa aweza kulia usiku, na asubuhi akashukuru kwa maji ya kunawa na kwa ndugu aliyebaki. Wala asilazimishwe kufuta machozi kwanza.