Lori Lilipe kwa Kilomita, Boda Apumue

Wasee wa Migori na Homa Bay, tuongee pesa kidogo. Kila lita ya petroli unayoweka, shilingi 25 ni ushuru wa kutunza barabara. Hadi Julai 2024 zilikuwa 18. Mtu wa boda analipa 25 kwa lita, na lori la magurudumu 22 linalipa hizo hizo 25.

Utaniambia lori linakunywa mafuta mengi, kwa hivyo linalipa zaidi. Sawa, lakini barabara haiumii kwa hesabu ya mafuta. Wahandisi walijaribu hilo kule Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960: mzigo juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu unaongezeka karibu mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori hadi tani 56. Boda hata ikibeba watatu (na tunajua mnabeba) haichimbi shimo.

Sisi tukisikia tozo tunawaza vibanda vya Nairobi Expressway, Probox ikiwa ya kwanza kutoa pesa. Uswisi tangu 2001 wanalipisha malori peke yao. Kifaa ndani ya lori kinahesabu kilomita, halafu bili inafuata uzito na moshi. Ujerumani walianza 2005, wakitumia setilaiti. Hakuna geti, hakuna foleni.

Kwetu kuna shida moja: miwa. Mkulima wa Awendo hukatwa gharama ya usafiri kabla hajashika pesa yake. Ukitoza trela, bili itamwangukia yeye, mwenye trela atabaki anacheka. Ndiyo maana nataka kilomita, sitaki geti. Trela inayotoka shamba la karibu hadi kiwandani isilipe sawa na lori linalotoka Isebania hadi Kisumu. Na tozo hii ikija, zile 25 zipunguzwe. Tusilipishwe mara mbili, tafadhali.

Halafu pesa ziende wapi? Uswisi, theluthi moja hurudi kwa majimbo yao. Hapa magavana na wabunge wamevutana juu ya bilioni 10.5 za ushuru wa mafuta huku barabara zetu za ndani zikingoja. Kifaa kitajua lori limepita Rongo, Awendo ama Mbita, kilomita ngapi. Basi hizo namba ziwekwe wazi kila mwezi, kaunti kwa kaunti, na kando yake iandikwe kila kaunti imepokea shilingi ngapi.