Waliotangulia Hawakuwa Somo

Januari 2021 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilianza kurusha It's a Sin, tamthilia ya sehemu tano ya Russell T Davies kuhusu marafiki wa London waliokumbwa na Ukimwi kati ya mwaka 1981 na 1991. Toleo hili linahusu sanaa na maradhi, na tunaanza na tamthilia hiyo kwa sababu inafanya jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki, tuliozika wengi zaidi, karibu hatujalifanya kwenye skrini: inawakumbuka waliokufa bila kuwageuza kuwa onyo. Michezo ya kuonya tunayo, na imefanya kazi kubwa. Ya kukumbuka ni haba mno, na uhaba huo tunaulipia hadi leo.

Tazama Davies anavyomshughulikia Colin. Ni kijana mpole kutoka Wales, anajifunza kazi kwa washonaji wa suti wa Savile Row, na katika nyumba iliyojaa makelele wanamoishi marafiki hao, ndiye ambaye mtazamaji hamhofii. Anakufa katika sehemu ya tatu, akiwa bado kijana mbichi, baada ya kuambukizwa na mtu mmoja ambaye hata marafiki zake hawakumjua. Mwandishi wa onyo asingejua amfanyie nini Colin, maana kifo chake hakimtajii mtu kosa la kuepuka. Kabla hajafa anafungiwa chumbani hospitalini chini ya sheria ya magonjwa ya kuambukiza ya mwaka 1984, mpaka wakili anapoingilia kati. Hilo lina msingi katika historia: mwaka 1985 mgonjwa mmoja wa Manchester alizuiliwa hospitalini kwa amri ya mahakama. Ritchie, mwenzake wa nyumba hiyo, ni kinyume chake. Karibu na mwisho anakiri kuwa aliendelea kulala na wanaume huku akishuku kwamba ana virusi. Mchezo wa onyo ungeanzia hapo na kuishia hapo. Davies analiweka ungamo hilo baada ya saa kadhaa za kumzoea Ritchie, kicheko chake, majivuno yake, woga wake, na kosa linabaki kosa zito bila kummeza mtu mzima aliyelitenda. Hata Jill, rafiki yao aliye mwema kuliko wote, anavunja kikombe alichonywea mgonjwa na kukitupa. Tamthilia haimfichi.

Sasa tulinganishe na urithi wetu. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, akawa mtu wa kila nyumba pamoja na mkewe Tunu. Kwa ajili ya utafiti, eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995. Watafiti walipolinganisha, walikuta kuwa palipokuwa na mchezo watu walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Ushahidi wa namna hiyo ni adimu duniani, na haustahili kubezwa. Bila shaka wako watu wazima leo waliolelewa na wazazi wao wote wawili kwa sababu baba alimsikiliza Mkwaju akifa. Lakini mchezo wa kuonya una sharti lake. Aliyeugua lazima awe amekosea, tena kosa lionekane wazi, la sivyo msikilizaji hatajua ajiepushe na nini. Sharti hilo likirudiwa miaka nenda miaka rudi, redioni, kwenye mabango, katika ngonjera za shuleni, jamii inajifunza kumsoma mgonjwa kinyumenyume: anaumwa, basi alitenda. Mke aliyeambukizwa ndani ya ndoa na mtoto aliyezaliwa na virusi wanaingizwa katika hesabu ya Mkwaju bila kuulizwa. Sisemi kwamba mchezo wa redio ndio uliopanda unyanyapaa, kwani ulikuwapo kabla yake. Nasema kwamba kwa umbo lake haukuweza kuung'oa, na hata kazi zilizofuata zenye ufundi mkubwa zaidi, kama tamthilia ya Shuga iliyochezwa Nairobi mwaka 2009, ziliendelea kumtazama kijana wa leo anayepaswa kuchagua vema. Waliokwisha kufa hawakuwa sehemu ya kazi hiyo.

Wako watakaosema kwamba kumbukumbu ni anasa, fedha za sanaa ziende kwenye kinga. Yaliyotokea Uingereza yanajibu. Davies hakuandika kampeni, ila wiki ya taifa ya kupima VVU iliyofuata, Februari 2021, ilivunja rekodi ya maombi ya vipimo, na Terrence Higgins Trust, shirika lenye jina la mmoja wa Waingereza wa kwanza kufa kwa Ukimwi, mwaka 1982, likaitaja tamthilia hiyo miongoni mwa sababu. Mtu aliyelia kwa ajili ya Colin alikwenda kupima bila kuamriwa na yeyote, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa amemshtaki.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hiyo ni hadithi ya mashoga wa London, na huku kwetu ugonjwa ulienda njia nyingine. Ni kweli. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa ambao wanakijiji waliuita Slim, wakaonyesha kuwa ulikuwa ukiwapata wanaume na wanawake wanaolala pamoja. Tamthilia yenyewe inaigusa Afrika kwa dakika chache tu, pale baba yake Roscoe, mmoja wa marafiki wale, mhubiri wa Kinigeria aliyemkataa mwanawe, anaporudi kutoka Nigeria akiwa ameuona ugonjwa kwa macho yake na kuomba msamaha. Lakini pingamizi hilo, likifuatwa mpaka mwisho, linadai tuandike yetu. Kasensero, kijiji cha wavuvi kilichokuwa wakati huo wilayani Rakai, Uganda, kiliona vifo vya mwanzo mwaka 1982. Kagera ilitoa wagonjwa watatu wa kwanza kuthibitishwa Tanzania mwaka 1983. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera kuona kifo cha mtu mzima kinaifanya nini familia. Tunajua basi habari za mashamba, mali na masomo ya watoto. Walichoambiana mume na mke siku walipoutambua ugonjwa, dodoso la utafiti huo halikukiuliza. Mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana Ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani Uganda akiimba na kusema, akafariki Desemba mwaka huohuo. Noerine Kaleeba aliunda TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye Ukimwi, mwaka 1987 baada ya kufiwa na mumewe, pamoja na wenzake ambao wengi wao walikuwa na virusi na hawakuishi miaka mingi. Hao si watu wa onyo, na mwandishi mwenye moyo asingekosa sehemu tano kwao.

Lakini tusiige kasoro za Davies. Jill hana maisha yake mwenyewe. Yupo ili ahudumie. Na pale mama yake Ritchie, aliyemzuia Jill kumwona mgonjwa, anapomweleza kwamba mwanawe alikufa jana, Jill anamtwisha karibu lawama yote ya aibu iliyomuua. Mama yule naye alifundishwa aibu hiyo na kanisa, magazeti na serikali, na tamthilia inafanya iwe rahisi mno kumhukumu. Kwetu, ambako ndugu ndio waliouguza bila glavu wala dawa mpaka ARV za bure zilipoanza kupatikana Tanzania mwaka 2004, hukumu ya namna hiyo ingekuwa dhuluma.

Wengine wanahofia kufukua siri za familia zilizo hai. Hofu hiyo ni ya haki, na ina njia. Jill wa kwenye skrini ametokana na rafiki wa kweli wa mwandishi, Jill Nalder, ambaye naye aliigiza, akicheza kama mama wa mhusika huyo. Waliokufa walipewa majina mapya. Muuguzi aliyekuwa na miaka 25 huko Bukoba, Kagera, mwaka 1985 sasa amestaafu, na waandishi wetu wanaweza kumfuata na kumwomba ruhusa angali na kumbukumbu zake.