Kwa watu wa Bunia: msingoje mto uitwe adimu

Mama na baba zangu, wadogo zangu wa Mudzipela, Nyakasanza na Bankoko,

Nawaandikia kutoka Winchester, kusini mwa Uingereza, mji unaopitiwa na mto Itchen. Mito ya aina yake ni mia mbili na kitu tu duniani, na mingi iko nchi hii. Mvua huzama kwanza katika mwamba mweupe, laini kama chaki ya darasani, ikakaa humo miezi, kisha ikabubujika safi, na baridi yake haibadiliki sana mwaka mzima.

Mtadhani mto wa namna hiyo haukosi ulinzi. Sheria zipo, pesa zipo. Hata hivyo pampu huvuta maji mpaka vijito vingine vikakauka, na mvua ikizidi maji ya vyoo huachiliwa mtoni. Tathmini ya 2020 haikukuta mto hata mmoja wa England uliopita kipimo cha kemikali. (Wanaotuambia kila kitu cha Wazungu ni safi, wasomewe hapo mara mbili.)

Waliobaki macho ni wastaafu na wavuvi wa ndoana. Huingia majini na mabuti, wakachokoa kokoto kwa mguu, wakakinga wavu, wakahesabu viluwiluwi vya wadudu. Hesabu ikishuka chini ya kiwango walichokubaliana, wanaipigia simu idara ya serikali. Kazi hiyo haidai maabara.

Mto wetu Nyamukau hakuna atakayeuita adimu. Na jina kubwa nalo halizuii koleo: Hifadhi ya Okapi ilianzishwa 1992, UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia 1996, mwaka uliofuata ikawa kwenye orodha ya hatari, na wachimba dhahabu wamo mpaka leo. Zebaki wanayokamatia dhahabu hushuka matopeni, ikaingia kwa samaki, halafu kwa mtoto aliye tumboni. Simwambii kijana mchimbaji wa Mongbwalu atupe koleo. Anayemwambia hivyo amwonyeshe kwanza kazi nyingine. Ila zebaki isichanganywe ukingoni, wala isichomwe jikoni.

Mjini tuanzie kwenye chemchemi. Mikalitusi iliyopandwa juu yake ing'olewe, maana inakunywa kuliko sisi. Choo kisichimbwe upande wa juu. Salongo moja kwa mwezi, ile kazi yetu ya pamoja, ihamishwe kutoka barabara kubwa iende kwenye chanzo cha maji, na mashefu wa kartie wasiweke mipaka ya chanzo hicho kabla ya kuwauliza akina mama wanaochota hapo alfajiri. Wao ndio wanaojua maji hupungua mwezi gani na uchafu huteremka kutoka wapi.

Sementi ya kujengea chemchemi ya kwanza tutachanga sisi wa huku. Nitumieni hesabu ya mifuko, na iandikwe na mama mmojawapo, si shefu peke yake.