Anza na Kiti cha Nkambo



Mwezi uliopita kijana mumoja wa koro yetu hapa Kalemie alikuja kuniona nyuma ya ibada. Uso wake ulijaa furaha. Dada yake amemaliza masomo ku iniverisite ya Lubumbashi, na siku ya kupokea diplome inakaribia. Jamaa yote inajipanga kwenda: nkambo mwanamuke, baba na mama, muyomba mumoja, na watoto wadogo. Akaniambia: "Pasta, weye ulisoma ku Lubumbashi. Tunataka kupeleka nkambo ku restora ya kweli, hata mara moja tu. Utuambie jina ya ile inapita zote."

Sikumupa jina. Nilimuuliza: "Nkambo yako anakulaka nini magaribi?" Akacheka, akasema hajui vizuri, kwa sababu yeye anaishi Kataki na nkambo anaishi Kituku. Nikamwambia: "Basi, uende kwanza kumuuliza, kisha urudi."

Labda utasema, hili si jambo la kuandika katika gazeti la kanisa. Lakini mimi nimeona jamaa nzuri zikigombana kwa ajili ya meza moja ya siku kuu, na wazee wakirudi nyumbani na huzuni ambayo hawaisemi kwa mutu. Tena, jambo hili mimi mwenyewe nililikosa. Kwa hiyo nawaandikia.

Lubumbashi ni muji mukubwa. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na watu wa kabila nyingi na inchi nyingi walifika pale kutafuta maisha: Waluba, Wabemba, Wabeleji, Wagiriki, Waitalia, Wahindi, na katika miaka hii Wachina. Kila kundi lilikuja na chungu chake. Ndiyo maana leo utapata hoteli kubwa kama Karavia, upande wa Golf, utapata restora za vyakula vya Ulaya katikati ya muji, na utapata zile nyumba za kula tunazoita malewa ku Kenya, Katuba na Kamalondo, mahali mama anapika bukari, sombe, kuku na samaki. Hakuna zambi kuingia katika moja ya hizo. Neno ni hili: unamupeleka nani, na unachagua kwa macho ya nani?

Sasa nitawaambia kosa langu.

Mwaka 2014 mudogo wangu alipata diplome yake. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki. Feza ya masomo ilitoka katika mikono ya mama. Miaka mingi alinunua ndakala mbichi asubuhi kando ya ziwa, akazianika juu ya muchanga, akafukuza ndege na kuku muchana kutwa, akazifunga katika magunia, akauzia wafanyabiashara wanaozipeleka kwa treni. Wakati wa mvua ndakala zinaoza mbele ya kukauka, na mama anapoteza vyote. Lakini kila mwaka feza ya iniverisite ilipatikana.

Mama alifika Lubumbashi. Sisi watoto tulipenda kumupa heshima. Tukachagua restora moja yenye taa nyingi na vioo. Mimi ndimi nilisema, "Hapa picha zitakuwa nzuri." Tulikuwa watu 11. Tulikwenda saa moja ya magaribi, siku ileile mama aliyofika.

Restora ilikuwa juu, ku etaje. Mama anaumwa magoti. Alipanda ngazi zile akishika ukuta, sisi tukicheka na kusema, "Mama, jikaze, tunafika!" Juu muziki ulikuwa mukubwa. Ilikuwa mwezi wa saba, na munajua baridi ya Lubumbashi mwezi wa saba; sisi watu wa ziwa hatuizoei. Walituweka ku baranda. Bukari haikuwako, walisema inaagizwa siku moja mbele. Walimuletea mama kipande kikubwa cha nyama ya ngombe, ndani bado nyekundu, pamoja na kisu na furusheti. Alitazama kushoto na kuume kuona kama watu wengine wanakula na mukono. Hakuna. Akaweka mikono yake chini ya meza.

"Mama, kula kidogo."

"Nimeshiba, mwanangu."

Nikafurahi nikifikiri kwamba ameshiba kweli. Nyama yake ikaliwa na vijana.

Kisha fakitire ikafika. Tulikuwa na dolari 150. Tulihesabu mbele: sahani moja karibu dolari 13, watu 11, ni dolari 143, inatosha. Lakini hatukuhesabu vinywaji, dolari 33. Hatukuhesabu TVA, asilimia 16 ambayo serikali inakamata tangu mwaka 2012. Yote pamoja ilipita dolari 204. Mudogo wangu, mwenye siku kuu, alishuka chini kuomba deni kwa rafiki yake kwa simu. Mama aliona yote.

Tuliporudi ku nyumba ya yaya yangu, mama aliomba kama kuna bukari iliyobaki. Ilikuwako, ya baridi, na sombe kidogo. Alikula katika jikoni, peke yake, na mukono wake. Pale nilielewa kwamba yule aliyetulisha sisi wote ndiye alilala bila kula siku ya furaha yake. Nilimuomba musamaha asubuhi. Alisema tu, "Si kitu. Lakini siku ingine muniulize."

Wapendwa, tangu siku ile nasoma habari ya Muzee Barzilai kwa njia ingine. Tufungue 2 Samweli 17, mistari ya 27 mpaka 29. Daudi alikuwa anakimbia mutoto wake Absalomu, na watu wake walikuwa na njaa na kuchoka. Barzilai na wenzake waliwaletea vitanda, unga, maharagi, asali na kondoo. Kisha vita vilipokwisha, sura ya 19, Daudi alitaka kumulipa. Alimualika kwenda naye Yerusalema ili amutunze pale. Je, kuna heshima kubwa kupita ile? Muji mukubwa, nyumba ya mufalme!

Lakini muzee alikataa. Alisema ana miaka 80. Ulimi wake hausikii tena utamu wa chakula, masikio yake hayasikii vizuri sauti ya waimbaji, na hataki kuwa muzigo kwa mufalme. Aliomba kurudi kwake, na kijana Kimhamu aende kwa pahali pake. Daudi hakukasirika. Hakumulazimisha. Alikubali kumufanyia Kimhamu yale yaliyo mazuri machoni pa muzee, si machoni pa mufalme. Kisha alimubusu na kumubariki.

Ndugu, sisi tulimufanyia mama yaliyo mazuri machoni petu. Daudi alikuwa mufalme, na bado alisikiliza.

Basi, mukitaka kukusanya jamaa ku restora katika muji mukubwa, mufuate mashauri haya.

Kwanza, mumuulize mukubwa kupita wote, na mumuulize mbele ya kuchagua. Si kusema, "Nkambo, tutakupeleka pahali pazuri, sivyo?" Atasema ndiyo kwa sababu anawapenda. Mumuulize: unakula nini bila shida? Meno yako namna gani? Munganga alikukataza chumvi ao sukari? Unapenda muchana ao magaribi?

Pili, mutume kijana mumoja aende kuona pahali kwa miguu yake. Aangalie ngazi. Aangalie choo, kama ni karibu na kama muzee anaweza kukaa na kusimama. Aangalie kiti kama kiko na mugongo. Asikilize muziki, na gurupe ya moto kama iko karibu na meza, kwa sababu umeme unaweza kukatika. Aulize kama wanapika bukari, na saa ngapi inafaa kuagiza.

Tatu, muchague muchana. Muchana muzee ana nguvu, watoto hawasinzii, na kurudi nyumbani si hatari. Na kama nkambo anatoka Kalemie, musimupeleke siku aliyofika. Hata aliyekuja na ndege amechoka. Aliyekuja na treni kupitia Nyunzu, Kabalo na Kamina, mumupe siku mbili alale. Miezi ya sita na ya saba muchukue kitambaa kizito kwa ajili yake, na muombe meza ya ndani.

Ine, muhesabu mbele. Yesu mwenyewe katika Luka 14:28 alisema habari ya mutu anayetaka kujenga munara, kwamba anakaa kwanza kuhesabu mali. Muulize bei ya sahani, bei ya maji na soda, na kama TVA iko ndani ya bei. Kisha muongeze kidogo kwa yasiyojulikana. Anayelipa ajulikane tangu nyumbani, na alipe kimya, mbali na meza. Vijana, musikopeshe kwa ajili ya kuonekana. Deni la siku kuu linakaa kuliko picha.

Tano, ku meza. Katika Luka 14:7 na kuendelea, Bwana wetu aliangalia namna watu wanavyokimbilia viti vya mbele. Muzee aketi katikati, karibu na mwenye siku kuu, si ku mwisho wa meza na watoto wadogo. Kijana mumoja amusomee karatasi ya vyakula kwa Kiswahili, pole pole, bila kucheka. Maji ya kunawa yaombwe. Na kama nkambo anakula na mukono, wajukuu wawili watatu wakule na mukono pamoja naye. Hii ni kazi ndogo sana, lakini mikono ya mama yangu isingekaa chini ya meza kama mimi pasta ningekunja shati langu na kuanza.

Sita, maombi na pombe. Watu wengi wanaona haya kuomba mbele ya wageni. Muombe kwa ufupi, kwa sauti ya chini, na muzee akiweza, yeye ndiye aombe. Habari ya pombe imalizike nyumbani mbele ya kutoka. Kama muyomba anakunywa na wengine hawapendi, azungumuze naye mutu mumoja anayemuheshimu, si wakati chupa imekwisha kufunguliwa.

Vijana wengine wataniambia: "Pasta, basi furaha yetu iko wapi? Dada ndiye mwenye diplome, na sisi tunataka kuona pazuri." Ninyi pia muko na haki. Sikuu ni ya dada. Kumbukumbu la Torati 16:14 linamutaja mwana na binti, mutumishi, mugeni, yatima na mujane, wote katika furaha moja. Basi, mugawanye: muchana na jamaa yote pahali nkambo anapoweza kula, na siku ingine vijana waende wenyewe kunywa soda pahali pa taa na vioo, kwa feza yao. Meza moja haiwezi kubeba yote.

Na kama nkambo anasema hapendi restora hata kidogo? Mumukubalie, kama Daudi. Mupike nyumbani, na dada avae toge yake amuonyeshe.

Yule kijana wa koro alirudi kwangu nyuma ya juma moja. Alikaa na nkambo wake magaribi yote ku Kituku. Alisikia kwamba nkambo hakuli nyama tangu miaka minne kwa sababu ya meno, na kwamba anapenda samaki ya kuchemusha, sangala ao kuhe, na bukari laini. Alisikia pia mambo ambayo hakuuliza: namna nkambo aliuza vitambaa vyake viwili vya arusi mwaka ule dada alianza iniverisite. Hakuna mutu katika jamaa aliyejua.

Wamechagua malewa moja yenye kiwanja na muti wa maembe, saa sita ya muchana. Mama wa pale amekubali kuchemusha samaki. Restora ya taa nyingi wameiacha. Na wamepatana kwamba mbele ya kula, dada atasimama na kusema kwa watu wote habari ya vile vitambaa viwili.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani magaribi hii:

1. Ni nani katika jamaa yetu aliyetulisha wakati wa shida kama Barzilai? Je, tulimushukuru, na kwa njia gani?

2. Wazee wetu wanakula nini bila shida? Tunajua, ao tunafikiri tu kwamba tunajua?

3. Siku kuu ya mwisho tuliyofanya, ni nani aliyerudi na njaa?

Bwana awape ninyi wote meza zenye amani. Muniombee, nami nawaombea.

Ndugu yenu katika utumishi,
Pasta wenu, Kalemie